Daftari Kabla ya Kisu

Hotuba kwa familia za wagonjwa wa ubongo na uti wa mgongo

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, hamjambo. Nimepewa dakika 20 na nitajitahidi nisizidishe, maana najua wapo hapa waliomwacha mgonjwa nyumbani na jirani.

Mimi si daktari. Niliseme hilo mapema, asije mtu akanifuata pale mlangoni na bahasha ya picha za MRI. Mimi nimekaa miaka 14 kwenye dirisha la bima la hospitali yenye wodi ya upasuaji wa ubongo. Ukija na kadi yako unanikuta nyuma ya kioo, kioo kina tundu la kupitishia karatasi, na tundu lenyewe lipo chini kiasi kwamba ili unisikie ni lazima uiname. Miaka 14 nimezungumza na watu walioinama.

Na kuna jambo halijaacha kunishangaza. Mtu anayenunua pikipiki iliyotumika huja na fundi wake, huisikiliza injini, huuliza kadi ina jina la nani. Mtu huyohuyo akiambiwa atafunguliwa fuvu, haulizi kitu. Anaona haya. Kumuuliza daktari amesomea wapi anaona ni kumvunjia heshima, na kuuliza habari za bima mbele ya daktari anaona ni kujidhalilisha.

Kwa hiyo ombi langu ni moja tu, mnunue daftari. La kurasa 40 linatosha. Kila jibu mtakalopewa, la daktari na la bima, liandikwe humo pamoja na jina la aliyelitoa na tarehe. Mkiona jibu halikubali kuandikwa, jueni bado hamjajibiwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wanasemea mali ya dukani, si kichwa cha mzazi wako.

Ukurasa wa kwanza: unamtafuta nani hasa? Kuna daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa neva, anayetibu kifafa, kiharusi, kipandauso na ugonjwa wa Parkinson kwa vipimo na dawa. Halafu yupo daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, huyu wa kisu. Kwenye midomo ya watu wote wawili ni "daktari wa kichwa". Matokeo yake barua ya rufaa inaandikwa kwa asiye wake, familia inasubiri miadi wiki kadhaa, ikifika inaambiwa siye, na rufaa inaanza upya.

Tena huyu wa kisu, pamoja na jina lake, sehemu kubwa ya kazi yake iko mgongoni na shingoni: diski imetoka ikabana neva, mfereji wa uti umekuwa mwembamba. Upasuaji wa mgongo hufanywa pia na baadhi ya madaktari wa mifupa, na wapo wazuri sana pande zote mbili. Kwa hiyo usiandike tu "daktari wa mgongo". Andika ni bingwa wa nini.

Na kupelekwa kwa mpasuaji si hukumu ya kupasuliwa. Mwaka 2002 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 2,143 wenye anyurizimu iliyopasuka, yaani mshipa wa damu ubongoni uliotuna kama puto kisha ukapasuka. Kundi moja walifunguliwa fuvu, mshipa ukabanwa kwa klipu. Kundi la pili walipitishiwa mrija mwembamba kuanzia mshipa wa kwenye nyonga hadi ubongoni, pale palipotuna pakajazwa nyuzi za platini. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamefariki au hawawezi kujitegemea walikuwa asilimia 30.6 kwa kundi la kwanza na 23.7 kwa la pili. Hao walikuwa wagonjwa ambao njia zote mbili zingewafaa, si kila mgonjwa yuko hivyo. Ninachotaka mkione ni kwamba palikuwa na njia mbili, na asiyeuliza angeambiwa ile moja tu anayoifahamu aliyemkuta. Andikeni swali hilo: kuna njia nyingine, na tukisubiri kwanza itakuwaje?

Sasa karatasi za daktari. Hapa watu huogopa bure, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji hata kumsogelea daktari mwenyewe. Nchi nyingi zina baraza la madaktari, na baraza nalo lina daftari lake, linaloitwa rejista. Siku hizi mara nyingi liko kwenye intaneti, wazi kwa mtu yeyote. Unaandika jina, unaona kama amesajiliwa, leseni yake ni hai au imeisha, na kama ana masharti yoyote yaliyowekwa juu yake. Ukimtafuta kwa jina la mitaani hutampata, kwa hiyo omba jina kamili kama lilivyo kwenye leseni yake, na namba ya usajili ukiweza. Asipoonekana, usikimbilie kumtangaza tapeli. Piga simu barazani uulize, huenda ni herufi moja tu imekosewa.

Lakini angalieni: kusajiliwa kuwa daktari ni jambo moja, na kusajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo ni jambo jingine kabisa. Marekani, mtu akimaliza chuo cha udaktari hukaa miaka 7 mingine akifundishwa upasuaji huu peke yake. Uingereza mafunzo hayo ni takriban miaka 8. Baada ya hapo kuna mitihani. Marekani bodi inayowapima wapasuaji wa ubongo ipo tangu mwaka 1940, na daktari hajafika kwenye mtihani wake wa mdomo mpaka awe ameshafanya kazi mwenyewe, kwa sababu anahojiwa juu ya wagonjwa wake aliowapasua. Uingereza baraza lina orodha ya pekee ya mabingwa ndani ya rejista kuu. Katika nchi za mashariki, kati na kusini mwa Afrika, chuo cha wapasuaji kinachojulikana kama COSECSA kinatoa shahada ya ubingwa kwa mtihani, na upasuaji wa ubongo umo. Kwa hiyo swali la kuandika si "ni daktari?" bali "ubingwa wake umethibitishwa na nani, na mwaka gani?"

Niseme kidogo juu ya zile herufi nyuma ya jina. Nyingine zimetokana na miaka ya jasho na mtihani. Nyingine zimetokana na kulipa ada ya uanachama wa chama fulani, au kuhudhuria kozi ya siku tatu na kupiga picha ya pamoja. Zote zinaandikwa kwa wino uleule kwenye kibao cha mlangoni. Sisemi kozi fupi ni mbaya, daktari asiyeendelea kujifunza ndiye wa kumkimbia. Nasema uulize, kila fungu la herufi, lilipatikana kwa mtihani au kwa risiti?

Karatasi zikikamilika, bado. Huko Texas, Marekani, kati ya mwaka 2011 na 2013, daktari aitwaye Christopher Duntsch alipasua watu migongo na shingo. Wengi waliamka na ulemavu, wawili walifariki. Alikuwa na shahada ya udaktari, alikuwa na PhD, alikuwa na leseni halali. Mwaka 2017 mahakama ilimpa kifungo cha maisha. Hospitali yake ya kwanza pale ilimwacha ajiuzulu, hakuna taarifa iliyopelekwa kwenye kanzidata ya taifa ya madaktari, akabisha hodi hospitali nyingine na karatasi zake safi. Mimi kila nikiikumbuka habari hii najiuliza: pale dirishani, watu wa bima walikagua nini? Walikagua kile ninachokagua mimi. Leseni, tarehe, muhuri. Vyote vilikuwepo.

Ndiyo maana ukurasa unaofuata ni wa mkono wa daktari. Upasuaji huu ninaoambiwa nifanyiwe, daktari, umeufanya mara ngapi mwaka uliopita? Si upasuaji wa ubongo kwa jumla, huu wangu. Aliyebobea kwenye uvimbe wa tezi ya pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, si lazima awe ndiye wa kumwekea mtoto shunti, yaani mrija wa kutoa maji kichwani. Utafiti mwingi umeonyesha kwamba kwenye operesheni ngumu za ubongo, wagonjwa wa hospitali na madaktari wanaozifanya mara kwa mara hupona vizuri zaidi kuliko wa wale wanaozifanya kwa nadra. Ni kama fundi yeyote, mkono husahau.

Mnadhani atakasirika. Nisikilizeni. Siku moja nilipeleka fomu wodini, nikamkuta mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amekaa ukingoni mwa kitanda na miwani yake imefungwa kwa uzi. Ana daftari la shule mapajani. Daktari bingwa amesimama mbele yake, ana haraka, wanafunzi wamemzunguka. Mzee akauliza swali hilihili, kwa adabu, kwa sauti ya darasani. Wanafunzi wakaangalia sakafu. Daktari akanyamaza kidogo, akavuta kiti akakaa. Akasema, "Wa aina hii, mwaka jana, nimefanya nne. Mwenzangu wa hospitali nyingine amefanya karibu thelathini. Nitakuandikia barua." Mzee hakusema asante kwanza. Alisema, "Nitajie jina lake herufi kwa herufi."

Muulizeni pia nani hasa atashika kisu. Hospitali za kufundishia zina madaktari wanaojifunza, na ni haki wajifunze, mabingwa wa kesho watatoka wapi? Ila mgonjwa anayo haki ya kujua bingwa atakuwepo chumbani kwa sehemu ipi, na nani ataitwa saa nane usiku ubongo ukianza kuvimba. Muulizeni matokeo mabaya anayoyaogopa zaidi kwa mgonjwa huyu. Anayekwambia "hakuna tatizo, ni jambo dogo" juu ya ubongo, mimi ningefunga daftari nikaenda kwa mwingine. Harvey Cushing, ambaye wengi humhesabu baba wa upasuaji wa ubongo wa kisasa, alitunza kumbukumbu za kila mgonjwa mwenye uvimbe, na mwaka 1931 alifikisha uvimbe wa 2,000 uliothibitishwa. Alijua idadi yake. Daktari wa leo mwenye kompyuta hawezi kukosa ya kwake.

Kuhusu jengo nitapita haraka. Mnataka hospitali yenye ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, CT skani inayofanya kazi usiku, damu ya akiba na watu wanaofuata orodha ya ukaguzi kabla ya kukata. Orodha ile ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani na matokeo yakachapishwa 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni karatasi moja. Inauliza mambo kama jina la mgonjwa na upande unaopasuliwa. Msicheke, mwaka 2007 hospitali moja ya Marekani ilipasua kichwa upande usio wake mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Na msidanganywe na vioo na marumaru. Njia ya kutibu watoto wenye maji kichwani kwa kamera ndogo bila kuwaachia mrija, ambayo leo inafundishwa nchi nyingi, ilikuzwa Mbale, Uganda, na daktari Benjamin Warf aliyehamia huko mwaka 2000. Waliokuja kujifunza baadaye walikuwemo wa hospitali kubwa za nchi tajiri.

Mkihitaji maoni ya daktari wa pili, na kwa upasuaji usio wa dharura ninawasihi muyahitaji, chukueni picha zenyewe kwenye CD au flashi, si ripoti peke yake. Ripoti ni maneno ya aliyeziona picha. Daktari wa pili anataka kuziona kwa macho yake.

Sasa nifike kwangu, dirishani. Na nianze na kosa langu mwenyewe.

Alikuja baba mmoja, mkewe ana uvimbe kwenye utando wa ubongo. Akainama akauliza, "Mama, mnapokea bima hii?" Nikaangalia kadi, nikasema, "Tunapokea." Sikuinua hata uso. Na sikusema uongo. Nembo ya bima yake ilikuwa imebandikwa kwenye kioo, pale juu ya kichwa changu. Wiki ya tatu baada ya operesheni alirudi. Mgonjwa amepona, anatembea. Hakupiga kelele. Aliisukuma karatasi ya bili kwenye lile tundu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja mmoja. Daktari wa usingizi alikuwa mgeni, wa kuitwa, hayumo kwenye orodha ya bima. Vibao na skrubu za titani za kufungia fuvu, bima ililipa nusu. Siku za ICU zilizoruhusiwa zilikuwa 5, mgonjwa alikaa 9. Akasema tu, "Mama, ulisema mnapokea."

Neno "mnapokea" lina mlango mpana mno, kila kitu kinapita. Tangu siku ile nikiulizwa hivyo, namrudishia mtu swali: tunapokea nini?

Hospitali kuwa kwenye orodha ya bima hakumaanishi daktari wako yumo. Daktari kuwemo hakumaanishi yumo kwa mpango wako, maana kampuni moja inaweza kuwa na madaraja manne ya kadi na orodha nne. Orodha nayo hubadilika, iliyochapishwa mwaka jana ni historia. Kwa hiyo piga simu kwa bima yenyewe, namba iko nyuma ya kadi, kisha piga kwa katibu wa daktari, ulinganishe majibu. Yakitofautiana, na mara nyingi hutofautiana, umeokoa pesa zako kabla hujazitumia. Uliza kwa jina: mpasuaji, daktari wa usingizi, maabara, watu wa picha. Marekani walisumbuka na hili mpaka wakatunga sheria, iliyoanza kutumika Januari 2022, ili mgonjwa aliyelazwa kwenye hospitali iliyo kwenye orodha ya bima yake asije akaletewa bili ya kushtukiza na daktari wa usingizi aliye nje ya orodha hiyo. Pasipo na sheria ya namna hiyo, kinga yako ni kuuliza mapema.

Kisha vifaa. Shunti, klipu, vibao, skrubu za mgongo, mara nyingi hivi ndivyo vinavyoinua bili kuliko kisu chenyewe, na bima nyingi zina ukomo wa peke yake kwa vifaa vya kupandikizwa. Muombe katibu wa daktari akupe jina la operesheni na msimbo wake kama utakavyoandikwa kwenye fomu, usome huo msimbo kwa bima neno kwa neno. Ukisema "operesheni ya mgongo" utajibiwa jibu la operesheni ya mgongo yoyote.

Someni vipengele vya kutengwa. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Kipindi cha kusubiri. Na wazazi wa watoto wenye kichwa maji au mgongo wazi, tafuteni neno "ulemavu wa kuzaliwa nao", kwa sababu mikataba mingine inautenga kwa sentensi moja iliyofichwa katikati ya aya ndefu, na mimi nimelazimika kuisoma sentensi ile kwa sauti mbele ya mama mwenye mtoto mgongoni zaidi ya mara moja.

Halafu idhini ya awali. Hiyo ni barua, ina namba, ina tarehe ya mwisho. Operesheni ikiahirishwa, na za ubongo huahirishwa sana, idhini inaweza kufa kabla ya siku yenyewe, kwa hiyo andikeni tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu. Na geuzeni ukurasa. Nyuma au chini kabisa mara nyingi pameandikwa kwamba idhini si hakikisho la malipo. Maana yake wamekubali kwamba operesheni inahitajika, lakini kadi yako ikiwa imekatika siku hiyo kwa sababu mwajiri hakupeleka mchango, haikusaidii. Asubuhi ya kulazwa hakikisheni kadi ni hai.

Wakikataa, msiondoke na neno la mdomo. Ombeni barua ya kukataliwa inayotaja kipengele cha mkataba. Ombeni daktari wenu azungumze moja kwa moja na daktari wa kampuni ya bima, mtu wa taaluma kwa mtu wa taaluma. Nimeona madai yaliyokataliwa Jumatatu yakikubaliwa Alhamisi, na kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliandika aya tatu za maelezo ambazo hazikuwemo mwanzoni.

Haya yote ni ya mwenye muda. Kijana ameanguka, amegonga kichwa, anatapika, anasinzia, mboni moja imekuwa kubwa kuliko ya pili; au mtu mzima mdomo umekwenda upande na mkono umelegea ghafla: hapo hakuna daftari. Hapo ni hospitali ya karibu yenye CT skani, na mwenye leseni atakayekuwepo zamu ndiye daktari wako. Rejista mtaisoma akiwa ametulia. Ila bima nyingi hutaka zijulishwe dharura ndani ya muda mfupi baada ya kulazwa, saa 24 au 48, na siku hizo hakuna anayekumbuka. Mteueni leo, kabla halijatokea, mtu mmoja wa ukoo atakayeshika kadi, nakala ya mkataba na simu ya bima. Mchagueni yule asiyelia haraka.

Dakika zangu zimeisha, na mbili za mwenzangu nimezila. Mama wa safu ya nyuma, umenyoosha mkono tangu nilipotaja shunti, na naona una bahasha. Bahasha iache kwanza, nisomee kilichoandikwa kwenye kadi.